Bwana Wanyama Anastaafu, Rangi Zinabaki

Ijumaa tarehe 27 Machi, baada ya kuitumikia shule yetu kwa miaka ishirini na minne, Bwana Morgan Wanyama atakabidhi funguo za chumba cha kompyuta na kustaafu rasmi. Katika miaka hiyo yote hakukosea hata mara moja. Kamera zilikosea, printa zilikosea, karatasi zilikosea, vumbi la Kitengela lilikosea, na mwaka mmoja hata jua lilikosea. Yeye hakukosea. Ni watumishi wachache wanaostaafu wakiwa na rekodi safi kiasi hicho.

Alikuja kutoka Webuye pamoja na mkewe, Bi. Beverlyne, na mtoto wao Lennox akiwa bado mgongoni. Walipanga nyumba mtaa wa Noonkopir, hapa Kitengela, naye akaajiriwa kutunza maktaba. Kamera alipewa kwa sababu siku ya mahafali mpiga picha aliyeagizwa hakufika, na Bwana Wanyama ndiye aliyekuwa ameketi karibu na kabati la kamera. Hivyo ndivyo vipaji vinavyogunduliwa. Tangu siku hiyo akawa mpiga picha wa shule, mhariri wa picha, mtengenezaji wa kalenda, na kompyuta zilipoletwa, msimamizi wa chumba cha kompyuta.

Picha zake zilikuwa nzuri sana, mradi uzitazame kwenye skrini yake. Skrini hiyo ilimpendeza kila mtu. Shida ilianza picha zilipopelekwa kuchapishwa mjini. Askofu aliyekuja kufungua ukumbi wetu alitokea kwenye kalenda akiwa na uso wa rangi ya mchicha uliochemshwa, na kwa miezi kadhaa wazazi waliendelea kuuliza kama amepata nafuu.

Lakini kazi yake iliyoacha alama kubwa ni picha ya sweta. Sweta letu ni la rangi ya damu ya mzee. Kwenye fomu za wanafunzi wapya lilitokea likiwa na rangi ya matofali, na fundi mmoja wa masweta wa hapa mjini, mtu mwaminifu sana, alifuma kulingana na picha. Siku ya kufungua shule, karibu darasa zima la kidato cha kwanza liliingia getini kama ukuta mpya. Bwana Wanyama aliwatazama kwa makini, akasema fundi amekosea. Wanafunzi hao waliitwa Darasa la Matofali mpaka walipomaliza kidato cha nne, na wengine wao leo ni mama wa watoto na bado wanaitwa hivyo.

Basi hatukushangaa mwaka jana Chama cha Filamu kilipopeleka filamu yake ya kwanza kwenye tamasha la kaunti, na waamuzi wakauliza kwa nini nyasi za Kajiado ni za samawati. Dinah Lesiamon, mwenyekiti wa chama, aliihariri filamu hiyo kwenye skrini ya Bwana Wanyama, ambapo nyasi zilikuwa za kijani kabisa. Jibu lilitolewa na Mwalimu Mkuu, Bi. Dolphine Aketch.

“Dinah, mimi nimechoka na hii maneno ya rangi,” alisema. “Mwaka ujao waamuzi wakitaja rangi hata mara moja, hicho chumba kinakuwa stoo ya mahindi. Magunia yangu yananyeshewa.”

Madam si mtu wa kutisha bure. Na Dinah hana kompyuta nyumbani. Anataka kusomea uhariri wa filamu, na vyuo vinavyofundisha kazi hiyo huomba kwanza kuona filamu uliyotengeneza. Chumba kikigeuka ghala, hatakuwa na filamu wala mahali pa kuitengenezea.

Kusema haki, Madam alikubali pia kununua skrini mpya, inayoonyesha rangi kama zilivyo. Kuongoza ununuzi huo alimteua mtu mwenye uzoefu mkubwa kuliko wote katika mambo ya rangi, Bwana Wanyama.

Filamu mpya ilimhusu mama yake Dinah, ambaye hutunga shanga na kuziuza sokoni Kitengela. Dinah alitaka kwenda dukani na mkufu mmoja ulioonekana kwenye filamu, ili aulinganishe na picha yake. Mama Dinah alisema mkufu huo hauendi Nairobi bila yeye. Kwa hiyo wakaenda watatu.

Dukani, Bwana Wanyama hakupoteza wakati. Alikwenda moja kwa moja mbele ya skrini kubwa kuliko zote, iliyopinda kama kipande cha tikitimaji, yenye taa za nyuma zilizobadilika kutoka zambarau hadi kijani.

“Ni hii,” alisema. “Ona vile inang’aa. Hata mtu akiwa nje ya geti anaiona.”

“Mzee uko na jicho,” muuzaji, kijana aitwaye Kinyanjui, akamsifu. “Hii watu wanachezea game. Haikai dukani.”

Dinah alichomeka flashi na kufungua picha ya mkufu. Mama Dinah akauvua mkufu wenyewe, akausogeza kando ya kioo, akatazama huku na huku.

“Hii nyekundu ni ya soda,” alisema. “Mimi sikutunga soda.”

“Mama Dinah, hiyo ni teknolojia,” Bwana Wanyama alimweleza kwa upole. “Inaongezea shanga uzuri.”

“Na nani alikwambia ziko na upungufu, Baba Lennox?”

Wakahamia skrini ya pili, ya bei ya kupendeza. Mama Dinah alisimama mbele yake, akasogea kushoto hatua moja, akarudi, akasogea kulia.

“Nikiwa hapa ni nyeupe. Nikiwa hapa ni kijivu. Nikiwa hapa sijui ni nini. Hii ni skrini ama ni mwanasiasa?”

Kinyanjui alicheka mpaka akalazimika kushika meza. Kisha akawaonyesha skrini iliyokuwa pembeni, bapa, isiyo na taa yoyote, yenye uso usiong’aa wala kuakisi watu waliosimama mbele yake. Hata haikuwa imewashwa.

“Hiyo haichukuliwi sana,” alisema. “Ni ya wale watu wa kuchapisha na kuedit. Inaonyesha rangi vile iko. Haiongezi kitu.”

“Kama haiongezi kitu, tunalipia nini?” aliuliza Bwana Wanyama, na kwa kweli swali lilikuwa zuri.

Kinyanjui aliiwasha, akasema waiache ipate joto kwanza, maana rangi zake hutulia baada ya muda. Dinah alipunguza mwangaza mpaka weupe wa kwenye skrini ukafanana na weupe wa karatasi aliyoishika mkononi. Ndipo Mama Dinah akausogeza mkufu. Nyekundu ilikuwa nyekundu ile ile. Samawati ilikuwa ile ile. Hata shanga nyeupe za zamani, ambazo si nyeupe tena kwa sababu zimevaliwa miaka mingi, zilionekana zimechoka vile vile. Alisogea kushoto, akasogea kulia. Rangi zikabaki zile zile. Aliuvaa mkufu wake shingoni, akachukua kikapu.

“Twende nyumbani,” alisema.

Bwana Wanyama aliibeba skrini hiyo mpaka Kitengela akiwa na uso wa mtu aliyekabidhiwa mgonjwa. “Imefifia,” alituambia tulipompokea. “Mgeni akiingia hapa hatajua tumenunua kitu.”

Tangu siku hiyo Dinah alihariri kila jioni baada ya masomo, na Bwana Wanyama, mtu wa kujitolea, alikuwa akiifuta skrini kwa kitambaa laini kila asubuhi. Ijumaa iliyotangulia Jumatatu ya kuwasilisha filamu, Dinah alimpelekea Madam aitazame kwenye kompyuta ya ofisi.

Madam alitazama dakika chache za mwanzo. “Dinah,” akasema, “hawa mbuzi wanaugua nini?”

Walikuwa manjano. Mbuzi, mawingu, meno ya Mama Dinah, vyote vilikuwa manjano kama wali wa harusi. Tulijaribu kwenye simu ya karani, manjano. Tulijaribu kwenye projekta ya ukumbini, manjano zaidi. Kwenye skrini yetu mpya peke yake mbuzi walikuwa weupe. Bwana Wanyama alizifikiria habari hizo kwa utulivu, kisha akatangaza kwamba kompyuta ya ofisi, simu na projekta zote tatu zimekosea. Madam alitazama nje ya dirisha, yalipokuwa magunia ya mahindi.

Jumamosi asubuhi Dinah alikuja na mama yake. Mama Dinah alivua mkufu, akausogeza kando ya skrini kama alivyofanya dukani.

“Hii si ile,” alisema.

“Ni hiyo hiyo, Mama Dinah. Nimeibeba kwa mikono yangu,” alisema Bwana Wanyama.

“Basi hii iko na nguo.”

Akaweka ukucha kwenye pembe ya kioo, ukucha ule ule anaotenganishia nyuzi, na pembe ikainuka. Skrini ya dukani ilikuwa ya maonyesho. Ya kwetu ilitoka kwenye boksi, na juu ya kioo kulikuwa na utando wa plastiki uliobandikwa kiwandani ili kisikwaruzwe safarini. Utando huo ulikuwa na usamawati hafifu sana. Kwa majuma yote hayo Dinah alikuwa akiuondoa usamawati huo kwa kuongeza manjano, kidogo kidogo, kwenye filamu nzima. Boksi lilikuwa na mchoro mkubwa wa mkono unaobandua utando. Boksi lilikuwa limehifadhiwa vizuri sana juu ya kabati.

“Mwalimu,” Dinah aliuliza, “kumbe uliiona hii plastiki?”

“Niliiona.” Bwana Wanyama alikuwa bado ameshika kitambaa chake. “Nilitaka niwaachie skrini ikiwa mpya. Mtu asikuje kusema Wanyama alienda akaacha kitu imezeeka.”

Hakuna aliyecheka, hata Mama Dinah, ambaye hukosa nafasi za kucheka mara chache sana. Alisogea tu kando ili ampishe. Bwana Wanyama akaushika utando kwa vidole viwili na kuubandua mwenyewe, polepole, mpaka mwisho. Halafu akasema jambo ambalo halijawahi kusikika katika chumba hicho.

“Hapa nimekosea mimi.”

Rekodi ya miaka ishirini na minne ikaharibika hivyo, zikiwa zimebaki wiki chache tu.

Siku hiyo yote, na Jumapili baada ya kanisa, Dinah alianza upya rangi za filamu nzima, tukio kwa tukio. Mama Dinah alikwenda sokoni kwa sababu wateja hawangoji, lakini aliacha mkufu. Bwana Wanyama ndiye aliyeushika kando ya skrini. Mkono mmoja ulipochoka aliuhamishia mwingine.

“Punguza,” alikuwa akisema. “Punguza tena. Sasa umepitisha. Rudi. Hapo.”

Nasi tulitazama mtu ambaye kwa maisha yake yote ya kazi aliamini kinachong’aa zaidi, akibishana na Dinah kwamba nyekundu ile imezidi.

Tamasha lilifanyika Kajiado mjini. Filamu yetu ilipokwisha, mwamuzi mkuu alichukua kipaza sauti, na Dinah akafumba macho.

“Sauti ni mbovu,” mwamuzi alisema. “Upepo mwingi. Huyu mama anaongea vizuri, lakini nusu ya maneno yake hatukusikia.” Akaendelea kuhusu sauti kwa muda mrefu sana. Alisema kuhusu sauti mpaka akarudisha kipaza sauti mezani.

Tulikuwa wa tatu, na wanaoendelea ni wawili wa kwanza. Tulikumbatiana na kuruka mpaka shule iliyoshinda ikatutazama kwa wasiwasi.

“Mmeshindwa na mnaruka?” Madam aliuliza.

“Madam, hawajataja rangi,” Dinah akasema.

Madam alifikiri. Alimgeukia Bwana Wanyama, kisha akamgeukia Dinah. “Ni kweli,” akasema. “Hawajataja.”

Magunia ya mahindi sasa yako kwenye chumba cha walimu, nyuma ya viti. Walimu wanasema yanapunguza baridi. Dinah ameanza filamu nyingine, na hii ya mama yake ameituma kwa chuo kimoja, tunasubiri. Bwana Wanyama alijitolea kwenda Nairobi kutuchagulia maikrofoni kabla ya kustaafu. Madam alimshukuru kwa moyo wote, akaagiza matayarisho ya sherehe hii yaharakishwe.

Baada ya leo, Bwana Wanyama anakusudia kufungua studio ya picha hapo Noonkopir. Tumeona ni vizuri wakazi wajulishwe mapema.

Picha yake iliyo kwenye jalada la ratiba hii imepigwa na kuhaririwa na Dinah. Ni picha ya kwanza ya shule kwa miaka ishirini na minne ambayo yeye hakuigusa. Juzi tulimwita aione kwenye skrini kabla haijachapishwa, naye akaja na Bi. Beverlyne. Aliitazama muda mrefu.

“Huyu mzee ni nani?”

“Ni wewe, mwalimu,” alisema Dinah.

“Na hizi mvi zote?”

“Ziko, mwalimu. Hata hapa nilipo naziona.”

Alimgeukia mkewe, kama mtu anayetafuta shahidi mwingine. Bi. Beverlyne aliinama, akaitazama picha kwa karibu, kisha akamtazama mumewe, kisha picha tena.

“Huyu ndiye mimi naona kila asubuhi,” alisema.

Bwana Wanyama alivuta kiti, akaketi mbele ya uso wake mwenyewe. Tulijua akiamua kusema skrini imekosea tutalazimika kumkubalia, maana ni siku yake.

“Iacheni hivyo,” alisema. “Msiongeze kitu.”

Hatujaongeza. Asante, Bwana Wanyama, kwa kalenda, kwa matofali, na kwa Jumapili ile uliyoshika mkufu mpaka jioni. Nenda salama na Bi. Beverlyne. Tunakuombea afya njema, wateja wenye subira, na dirisha linaloingiza mwanga wa kutosha.