Mteremko Tuliovuka Sote kwa Pamoja

Ndugu zangu, Mungu ni mwema, hata mimi nasema. Mniwie radhi, nitasimama hapa karibu na mlango. Theluji ikiteleza juu ya paa hili miguu yangu hutaka kukimbia.

Mchungaji ameniomba nisitaje majina. Nitayataja.

Baridi iliyopita kikundi chetu cha maombi kilipanda ndege kwenda milima ya magharibi. Mimi napakia mizigo uwanja wa ndege, shule niliacha darasa la sita, mlima kwangu ulikuwa wa kutazama tu. Kule tukampata binti wa kutuongoza. Akachimba shimo kwenye theluji, akatuonyesha: juu ngumu, chini punje punje kama sukari. Akaweka koleo juu, akaligonga kwa kiganja. Kipande kizima kikachomoka kama droo. Akasema, miteremko mikali tuiache. Na tukilazimika kuvuka, avuke mmoja, wengine wamtazame.

Kesho yake Wafula, mwenyekiti wetu, akasema binti apumzike, njia tumeshaijua.

Tulipofika mteremkoni, theluji ikalia vuum chini ya miguu, ufa ukakimbia mbele yetu. Mke wangu Rehema akasimama. "Wafula, si ndiyo hii aliyosema yule binti? Turudi."

"Shemeji, asubuhi tumeomba. Sasa unataka kumpima Mungu kwa koleo?"

"Basi tuvuke mmoja mmoja."

"Kanisa haliachani! Shikaneni mikono, tuimbe."

Njoroge, mwenzetu wa maombi, akacheka: "Mama Baraka, wewe baki ulinde mabegi."

Akabaki kweli, amenuna. Sisi tukaenda na wimbo wetu. Hatukumaliza ubeti, mteremko mzima ukaporomoka nasi.

Nawaambia, theluji ile ikisimama inakuwa saruji. Kidole hakisogei. Mate yalinitiririkia puani, ndipo nikajua niko kichwa chini. Wafula na Njoroge walitupwa pembeni, wazima, wanapiga kelele. Rehema hakupiga kelele. Alikuwa ameshika kwa macho pale nilipozamia, akatoa koleo kwenye mabegi, akafuata mlio wa kifaa cha kutafutana ambacho kila mmoja wetu alikuwa amefunga kifuani, akachimba. Nilisikia koleo. Kisha nikasikia ananitukana. Sijawahi kusikia matusi matamu kama yale.

Mguu ulivunjika, usingizi ukahama. Wafula alikuja hospitali akaniambia, "Umeona? Maombi yamejibiwa." Nikageukia ukutani.

Kina mama wa mtaa wetu huu wa Jane na Finch, mlionipikia uji mkanilaza kwa nyimbo, asanteni. Binti wa milimani, popote ulipo, asante. Rehema, wewe unajua.

Mnataka funzo? Mtu wenu akisema turudi, msimwombee. Msikilizeni.

Sasa Wafula ametangaza safari ya vijana, milima ile ile, na Baraka wangu anataka kwenda. Wafula, uko benchi la pili, acha simu. Nitakusamehe, wakati wangu ukifika. Lakini hawa watoto huwapeleki. Simama useme mbele ya watu hawa kwamba huwapeleki.

Mimi sikai. Nangoja hapa hapa mlangoni.