Chuo Kinachotambulika

Benchi lenyewe lilitupwa na mahakama ya ng'ambo ya barabara baada ya mguu mmoja kuoza. Mimi nikaliwekea tofali, nikaliegemeza kwenye ukuta wa duka la rangi, nikateleka birika la kahawa ya kuuza pembeni. Tangu hapo linakaliwa na wanaume watatu ambao wake zao wananishukuru. Wa kwanza ni Jaji. Hajawahi kuhukumu hata mbuzi. Alikuwa bawabu wa lango la mahakama mpaka alipostaafu, na maneno yaliyompitia pale langoni aliyaokota yote bila kuuliza maana yake. Wa pili ni Rufaa, ambaye kesi yake ya ukuta wa jirani imezeeka kuliko ukuta wenyewe. Wa tatu ni Soli, fundi viatu, hugonga nyundo akikosa la kusema. Siku hiyo palikuwa na wa nne, mjukuu wangu, amekaa ncha ya benchi na mkoba magotini. Wakili mmoja wa ghorofa ya jirani, mwanamke, alikuwa amemwambia: nenda kasomee usaidizi wa sheria kwenye chuo kinachotambulika, ukirudi meza yako ipo. Si uwakili, msinielewe vibaya. Msaidizi wa sheria ndiye anayemkalisha mteja akamsikiliza, akaandaa majalada, akamwambia mjane asiweke dole gumba kwenye karatasi ambayo hajasomewa. Mama yake aliweka, nyumba ikaenda. Ndiyo maana wote wawili wanalala chumbani kwangu.

Vyuo vilikuwa viwili. Kimoja kiko juu ya vichwa vyetu, ghorofani pa duka la rangi, unapanda ngazi ya chuma: miezi mitatu. Kingine ni cha umma, nyuma ya posta: miaka miwili, na dirisha la kujiandikisha lilikuwa linafungwa siku hiyo jioni. Mimi nilitaka cha miezi mitatu. Magoti yangu hayana miaka miwili ya kusimama kwenye makaa kutafuta ada.

— Mahakama imekaa, — Jaji akasema. — Shauri lililo mbele yetu ni chuo kipi.

— Lililo mbele yako ni moto, — nikamwambia. — Sogeza mguu.

— Babu, — mjukuu wangu akamwambia Jaji, — mimi nilikuwa nataka tu...

— Upande wa utetezi utapewa nafasi yake. Soli, toa ushahidi.

Soli akatoa misumari mdomoni.

— Hiki cha hapa juu. Mimi nawaona viatu. Wa hapa viatu vyao vizima. Wa nyuma ya posta visigino vimeliwa vyote.

— Sasa visigino vinajua sheria? — nikauliza.

— Kisigino kikiisha, Bi Mkubwa, mtu anazunguka kutafuta kazi. Kikiwa kizima, amekaa ofisini.

— Au amekaa kwao.

Soli akagonga nyundo.

— Naunga mkono cha hapa juu, — Rufaa akasema. — Mwaka huu mwishoni rufaa yangu inasikilizwa. Huyu binti akienda kujifungia miaka miwili, atatoka anikute kaburini.

— Kwa hiyo mtoto wa watu asome kwa ajili ya ukuta wako?

— Si ukuta, Bi Mkubwa. Ni haki!

— Haki yenye plasta.

Jaji akainua mkono kama askari wa barabarani.

— Nisikilizeni. Sheria hubadilishwa kila mwaka. Nilikuwa pale langoni, nikiona vitabu vipya vinaingia kwa mkokoteni. Sasa huyu wa miaka miwili, ile sheria aliyosoma mwaka wa kwanza inakuwa imeshachacha. Wa miezi mitatu anatoka nayo mbichi.

— Inatoa mvuke, — Soli akasema.

— Basi wa wiki moja atakuwa bora zaidi, — nikasema.

— Wa siku moja ndiye hakimu, — Rufaa akajibu, wala hakuwa anatania.

Mjukuu wangu akavuta pumzi.

— Cha nyuma ya posta kina mafunzo ya vitendo. Unapelekwa ofisi za msaada wa sheria, unakaa na wateja wa kweli. Wanakufundisha kuandaa hati ya kiapo, kutunza siri ya mteja, na kujua pa kunyamaza ili usijifanye wakili.

— Kunyamaza! — Jaji akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. — Mtu anatoa ada akafundishwe kunyamaza?

— Wewe tungekuchangia, — nikamwambia.

— Na hiki cha hapa wanafundisha nini? — Soli akauliza.

— Nilipanda kuwauliza. Wakasema, kila kitu.

— Umesikia? Kila kitu! Kwa miezi mitatu! Halafu unasitasita.

— Nikauliza mwalimu ni nani. Wakasema yuko njiani.

— Mwalimu mzuri lazima asubiriwe, — Jaji akasema.

Rufaa akageuka kushoto na kulia, akashusha sauti.

— Mnajua kwa nini kiko juu ya duka la rangi?

— Kodi ndogo, — nikasema.

— Ndivyo wanavyotaka udhani. Wenye chuo ni mahakimu. Mwanafunzi wa hapa akipeleka jalada mahakamani, kwenye pembe ya karatasi kuna kidoa cha rangi. Kidogo tu, kama kinyesi cha nzi. Hakimu akikiona anajua huyu ni wetu, anampa ushindi.

— Kidoa cha rangi gani? — Soli akauliza, nyundo ikiwa hewani.

— Inabadilika. Ndiyo siri yenyewe.

— Na wa nyuma ya posta?

— Karatasi zao nyeupe tupu. Hawashindi. Karatasi zangu zote zilikuwa nyeupe, miaka yote hii.

Nikataka kucheka. Nikamtazama, nikaona mzee mzima anaamini. Nikaacha.

— Na zaidi ya hayo, — Jaji akasema akiinua kidole juu, — kinatambulika.

Kibao kilikuwa pale pale juu yetu, herufi nyekundu kubwa kama sahani: CHUO KINACHOTAMBULIKA.

— Wakili wako alisema chuo cha namna gani?

— Kinachotambulika, babu.

— Hapo pameandikwaje?

— Kinachotambulika.

— Na kule nyuma ya posta?

— Pameandikwa jina la chuo tu.

— Kinajificha! Pingamizi limetupwa. Kesi imekwisha.

Mjukuu wangu akanitazama mimi. Nikakoroga makaa ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

— Miezi mitatu inatosha, — nikamwambia. — Panda ngazi.

Akainuka. Alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza ndipo alipovuka barabara mwanamke mmoja aliyetoka mahakamani, bahasha kwapani, uso umechoka. Akaomba kahawa, akainywa amesimama, akakisoma kile kibao polepole.

— Samahani jamani. Mimi nina kijana wangu nyumbani, naye anatafuta pa kusoma. Hicho chuo kinatambuliwa na nani?

— Kinatambulika, mama, — Jaji akasema.

— Ndiyo. Na nani?

— Na... na watu.

— Watu gani?

— Mimi nakitambua, — Soli akasema. — Kila asubuhi nikija nakitambua. Si hiki chenye ngazi ya chuma?

Nyundo ya Soli ikagonga, na mbele yake hapakuwa na kiatu. Jaji akasema shauri limeahirishwa.

Mjukuu wangu akapanda mbio. Tukasikia mlango, tukasikia sauti yake ikiuliza, halafu vicheko vya mtu mmoja. Akashuka kabla yule mama hajamaliza kikombe.

— Wamesemaje?

— Nimewauliza wamesajiliwa na baraza gani. Wamesema nisiwe na wasiwasi, wao wanajitambua.

Yule mama akaweka kikombe chini, akashukuru, akaenda zake.

— Bibi, — mjukuu wangu akasema, — naenda nyuma ya posta.

— Miaka miwili.

— Miwili.

— Unajua nani atasimama hapa miaka yote hiyo?

— Najua, Bibi.

— Hujui. Utajua ukiwa na magoti yangu. Ondoka, dirisha halikusubiri.

Akaondoka. Hakugeuka nyuma, na angegeuka ningemtukana.

— Mimi tangu mwanzo nilisema cha nyuma ya posta, — Jaji akasema.

— Na vile visigino, — Soli akasema. — Kuliwa vile ni bidii. Wanatembea kwa wateja.

Rufaa akahesabu kwa vidole.

— Nitaomba kesi isogezwe mbele, — akasema. — Miaka miwili si mingi.

Nikasonya, nikaongeza mkaa. Jaji akanyoosha kikombe bila hata kunitazama, akaanza kueleza kwa nini posta hujengwa mbele ya vyuo. Nikammiminia. Nikawamiminia wote watatu mpaka ukingoni. Hawakujua, na sikuwaambia, kwamba mtoto anakwenda kusomeshwa na midomo yao, kikombe kwa kikombe.