Achari Iliyoona Jua

Sikilizeni wanangu, Natalie na wewe Ludovic, sikilizeni mpaka mwisho, msizime simu katikati, mama yenu yuko hospitalini na sasa hivi watakuja kunichukua kwa upasuaji wa moyo, na ninaogopa, siwafichi, ndiyo maana nasema haraka haraka.

Nikirudi, futeni haya tucheke. Nisiporudi, mtakwenda kuishi na rafiki yangu, mama Damalie, kule Tumba. Najua, mamkubwa Brigitha ni dada yangu wa tumbo moja, ana nyumba kubwa Vällingby, atalia, atasema Agripina amempa wanawe Mganda asiye ndugu. Mwacheni alie, kisha mwambieni habari ya achari.

Natalie, unaikumbuka ile niliyoipeleka kwenye ubatizo wa Ludovic? Jua lilikuwa limegoma, nikayakausha maembe kwenye oveni. Watu wakasifu, Brigitha akalamba vidole, "Mdogo wangu, hakuna kama wewe!" Damalie akatafuna kipande kimoja, taratibu, akasema mbele ya wote, "Agripina, embe hili halijaona jua. Limelegea, na pilipili imewahi kuliko chumvi." Mwaka mzima sikumpigia simu. Kiangazi kilipofika akaja mwenyewe kwetu Skärholmen na beseni la maembe mabichi, "Haya, dada, tuanike," tukakaa kibarazani tukiyageuza, tukifukuza ndege.

Hapo ndipo nilipoijua achari nzuri: embe lilie kwenye meno, uchachu utangulie, pilipili ije polepole, mafuta yafunike juu kabisa. Brigitha atawasifu hata mkipotea, na anawapenda, msimdharau. Damalie atawaambia. Mtamnunia, halafu atakuja na beseni.

Chupa ya mwaka huu iko dirishani jikoni. Natalie, najua, utasema kwa Kiswidi chako "för sur, mamma", chachu mno, haya, lakini usiingize kijiko chenye maji, itaota ukungu. Damalie aonje wa kwanza, akikunja uso msikasirike, muulizeni kimekosekana nini. Nusu mpelekeeni Brigitha, msigombane naye kwa ajili yangu.

Nesi amefika, amenichoma dawa, jamani, ulimi unakuwa mzito... Ludovic, soksi uvae, baba. Mungu awashike pale nilipowashika mimi... awape watu wa kuwaambia kweli na bado wakae mezani nanyi... Natalie, ile chupa... igeuze... upande wa pili nao uone jua.