Mwalimu Marcella Wawira na Majibu Yake Matatu

Wasifu wa marehemu, umeandikwa na kusomwa mazishini na bintiye, Gladwell Igoki

Mwalimu Marcella Wawira alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Karurumo, Embu, kwa marehemu Stephen Kathuri na marehemu Ruguru. Alikuwa na maswali tangu utotoni. Mama yake akimwambia apike chakula cha watu watano, aliuliza kwanza kama mpishi amehesabiwa. Alichapwa kidogo, lakini jibu alipewa.

Alihitimu ualimu mwaka wa 1980, akaletwa Kanyakine kufundisha hesabu. Hapo alimpata Vincent Muthamia, mkulima wa kahawa, wakafunga ndoa kanisani tarehe 11 Desemba 1982. Mzee Vincent alimtangulia mwaka wa 2016.

Mwaka wa 1994 aliwapa wanafunzi wa darasa la nane fumbo hili: mkulima anajenga ua wa mita ishirini, nguzo moja kila baada ya mita mbili. Anahitaji nguzo ngapi? Mmoja alisema kumi, kwa kuwa ua unazunguka boma. Mwingine alisema kumi na moja, kwa kuwa ua umenyooka na mwanzo unahitaji nguzo yake. Wa tatu alisema tisa, kwa kuwa ua uko katikati ya nyumba mbili na waya unafungwa ukutani. Mwalimu aliwapa wote alama. Alitaka watoto wajifunze kuuliza kabla ya kujibu, wasije wakadanganywa na kila anayeongea kwa sauti kubwa.

Aliyeongea kwa sauti kubwa siku hiyo alikuwa mwalimu mkuu wake, Mzee Kiunga, ambaye leo ameketi katika hema la wageni mashuhuri. Aliingia darasani, akafuta ubao, akaandika kumi.

"Hesabu iko na jibu moja tu!" akasema mbele ya watoto. "Huyu mama hajui hesabu, anawaharibu."

Maneno hayo aliyarudia ofisini na sokoni, hata kanisani. Marehemu alinyang'anywa darasa la nane na hakupandishwa cheo hadi alipostaafu mwaka wa 2018. Jambo hilo lilimuuma, na linatuuma bado.

Baada ya kustaafu, Mzee Kiunga alizungushia, au tuseme alinyooshea, shamba lake seng'enge kando ya barabara. Aligawanya urefu kwa nafasi kati ya nguzo, akanunua nguzo kwa hesabu yake ya jibu moja. Mwisho wa waya ulikosa nguzo ya kufungiwa, na ng'ombe wa jirani wakaingilia hapo wakamaliza mahindi. Marehemu alipita, akamsalimu kwa heshima, akacheka hadi nyumbani. Chai ilimmwagikia akitusimulia.

Aliugua saratani ya tumbo mwaka wa 2023. Hata wodini, alipoambiwa ameze vidonge viwili mara tatu kwa siku, aliuliza kama ni viwili kila mara. Muuguzi alicheka, kisha akaanza kuwaeleza wagonjwa wote vizuri. Mwalimu alituaga tarehe 2 Agosti 2025.

Kabla ya hapo aliniita kando ya kitanda.

"Kiunga atakuja na hotuba ya kunisifu," akasema. "Mpeni kiti. Mpeni chakula, ashibe. Maikrofoni msimpe."

Ameacha watoto wawili, Gladwell na Kailemia, wajukuu, dada yake Wanjira, na wanafunzi wengi wanaouliza kabla ya kujibu. Mungu ampe mapumziko mema mahali ambapo hakuna wa kumfutia ubao.

Mzee Kiunga, naona umesimama na karatasi yako. Tafadhali keti.