Vichupa Viwili vya Mate

Fundi cherehani hakutega sikio. Maneno yalimfuata yenyewe kutoka kiti cha mbele yake basini. Msusi mmoja, mafuta ya nywele yangali vidoleni, alikuwa akimsimulia mama aliyekutana naye humohumo. Yeye, mdogo wake na baba yao walijipima DNA nyumbani. Baba alitema mate yake, akabandika jina, akaenda zake. Mabinti walitema huku wakicheka, na majina wakayakumbuka baadaye, vichupa vyote viwili vikiwa mezani.

"Majibu yanasema mmoja wetu ni wa baba, mwingine si wake," alisema msusi. "Na kichupa kipi ni cha nani, hatuna hakika."

"Si mpime tena?"

"Mdogo wangu ndicho anachotaka. Hali, halali. Mimi namkwepa."

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu."

"Mwongo mwenyewe ni mama yetu, na tulishamzika." Alifuta vidole kwenye gauni, akavifuta tena. "Sasa hivi mzigo tunaubeba wawili. Tukipima, mmoja ataachiwa peke yake."

"Na baba yenu?"

"Kila asubuhi anauliza kama majibu yametoka. Namwambia mtandao unasumbua."

Yule mama alitaka kusema neno, lakini basi likasimama. Pale kituoni mzee mmoja alimpokea msusi mkoba, akiulizia majibu, wakaondoka bega kwa bega. Fundi, aliyezoea kupima mabega ya watu kwa macho tu, aliinama upesi asije akayalinganisha, akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.