Nahodha wa Nyuma ya Kiwanda cha Soksi

Rodney: Haloo? Ni nani? Ongeza sauti, injini inanguruma.

Beryl: Ni mimi, dada yako. Napiga kwa simu ya nyumbani kwako, nimelala kwenye kile kitanda cha wageni kinachopiga kelele. Hujambo?

Rodney: Sijambo, dada. Nyonga inaendeleaje tangu upasuaji?

Beryl: Nyonga ipo. Gwen, jirani yangu wa mtoni, kanipigia. Kasema kaiona boti yangu inapita mbele ya boti yake, inaendeshwa na mtu kavaa kofia ya nahodha.

Rodney: Aa, ile ni ya kuzuia jua tu—

Beryl: Jua gani, Leicester, mwezi wa kumi, na baridi hii?

Rodney: Naitembeza tu. Injini ikikaa wiki sita bila kuwashwa inaharibika. Nikasema ngoja niuone na huu mto wa zamani, huku nyuma ya kiwanda cha soksi. Kumbe pazuri. Kuna bata, kuna—

Beryl: Kuna matoroli ya supamaketi yametupwa majini. Miaka kumi na tisa naishi kwenye hiyo boti, sijawahi kuingia huko. Unajua kwa nini?

Rodney: Huna hamu ya kujua mambo.

Beryl: Nina akili. [anacheka] Mtu umeuza bima miaka thelathini, hata baiskeli unaipanda kwa sala, leo mvumbuzi.

Rodney: Afadhali mimi. Mtu mzima unakaa kwenye bomba la chuma, upana futi saba, choo unakimwaga mwenyewe kama mfungwa. Pauline anaona haya hata kuwatajia wenzake.

Beryl: Wifi yangu ana haya nyingi, bahati mbaya hazijafika nyumbani kwake. [mtandao unakwaruza] Haloo? Mbona injini inalia hivyo?

Rodney: Ilikuwa imekwama. Shuka la mtu lilijisokota kwenye pangaboi la kusukuma boti. Nikafungua kile kifuniko cha chini huku nyuma, kilicho juu yake, nikaingiza mkono, nikalikata na kisu cha mkate. Peke yangu.

Beryl: Kisu changu cha mkate. Na kifuniko umekirudisha?

Rodney: Nimekirudisha.

Beryl: Ukakikaza?

Rodney: Kwani kinakazwa?

Beryl: Rodney. Inama uangalie chini ya injini.

Rodney: Kuna... kuna maji. Meusi. Yanapanda— Bwana Tranter, sogea kidogo tafadhali—

Beryl: Tranter ni nani?

Rodney: Rafiki tu.

Beryl: Rafiki zako huwaiti bwana. Ni nani?

Rodney: Dada, maji yanaingia, niambie nifanye nini—

Beryl: Nimekuuliza ni nani.

Rodney: Alitaka kuiona. Kuiona tu, ikiwa inatembea. Daktari alisema ngazi za boti hutaziweza tena, na ile karatasi uliyosaini hospitali inaniruhusu kusimamia mali yako—

Beryl: Niliisaini nina dripu mkononi. Ukaniambia ni ya kunichukulia barua zangu.

[maji yanasikika]

Rodney: Itazama, dada. Nakuomba.

Beryl: Zima injini. Pangaboi linavyozunguka ndilo linalokusukumia maji ndani. Umezima?

Rodney: Nimezima.

Beryl: Chini ya ngazi kuna swichi nyekundu, ya pampu. Washa. Sasa rudi kwenye kifuniko, weka kile chuma chake cha kukazia juu, zungusha mpaka mkono ukuume. Huyo bwana wako naye anashika nini?

Rodney: Ameruka ukingoni. Yule anapita kwenye uzio. Anasema hanunui ndoo iliyotoboka.

Beryl: Ana akili kuliko aliyemleta.

Rodney: [anahema] Yanapungua. Nimeloa mpaka kiunoni. Haya, nageuzaje hapa?

Beryl: Hugeuzi. Boti ina urefu wa futi hamsini na saba, upana wa mto hapo ulipo haufiki arobaini. Unarudi kinyumenyume.

Rodney: Mpaka wapi?

Beryl: Mpaka pale ulipoitoa. Maili moja na nusu. Na ukirudi nyuma usukani hausikii, kwa hiyo utagonga huku na huku njia nzima. Gwen keshawaambia majirani wote wa boti, wametoa viti nje na chai yao. Kofia usiivue.

Rodney: Dada, betri inakwisha. Tukutane nyumbani tuyaongee, Pauline kapika—

Beryl: Ale mwenyewe. Nilishaita teksi kabla sijakupigia, viatu nimevaa, magongo haya hapa. Utanikuta ukingoni.

Rodney: Ngazi zile huziwezi, dada, utaanguka—

Beryl: Nitazishuka kwa makalio, hatua moja moja, na wewe utasimama pale unishikie magongo. Sina kwingine pa kuita kwangu, Rodney. Ulijua, ukaniletea mtu aje akague.

Rodney: Mimi nilidhani nakusai—

Beryl: Haloo? [simu imekatika] Haya. Hata simu hakuichaji.