Mikono Mgongoni

Foleni ilikuwa haisogei, na mwalimu wa chekechea akajikuta anamfungulia moyo mama asiyemjua aliyeketi naye basini.

"Shuleni kwetu tumeletewa ubao wa umeme, unaguswa kwa kidole, picha zinatembea. Mwalimu mkuu alisema tuutunze kama mboni ya jicho. Basi kila mtoto aliyeugusa nilimchapa mkononi. Leo mkaguzi kaja, kawaambia waguse. Wote ishirini wakaficha mikono mgongoni."

Mama akauma mdomo. Kicheko kilikuwa njiani. "Si ungewaambia wewe, mwalimu wao?"

"Niliwaambia, dada. Nikanyoosha mkono kuwaonyesha, yule mdogo wa mbele akafumba macho."

Kicheko kikarudi kilikotoka. Basi lilipofika kituoni, mwalimu alishuka na mikono kaizamisha mifukoni mwa sweta.